Fyuzi ya Dispensari

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi, saa ya ukutani na soda, mkanipigia makofi, halafu mmoja wenu wa karakana akasema, "Mzee Momanyi, tuandikie kumbukumbu kidogo, sisi wadogo tujue kazi ilikuwa aje." Nikakubali. Najua mlitaka vichekesho: nyuki waliojenga ndani ya sanduku la mita, karani aliyetaka kukausha soksi kwenye transfoma. Lakini nimekaa hapa nyumbani miezi mitatu na kalamu, na kila nikianza kuandika nakasirika. Nimeona hakuna njia ya kuandika habari za kazi yangu nikiruka kile kinachonikasirisha. Basi mtanivumilia. Vyeo na mishahara sitaandika, hayo kila mtu anayajua ya kwake.

Nilifika shambani mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitokea kwetu upande wa Kisii. Nilishukia Sotik na sanduku la mbao, nikaomba lori la majani chai linifikishe. Nilikuwa na cheti cha fundi wa stima, testa mpya ya kupimia stima kwenye mfuko wa shati, na kiburi cha mtu ambaye hajawahi kupigwa na stima hata mara moja. Aliyenipokea ni Mzee arap Sigei, mkuu wa mafundi wa stima. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye koti la kijivu lenye mifuko minne ambalo hakulivua jua liwake, mvua inyeshe. Cheti changu alikishika upande mmoja kama mtu anayeshika kitambaa cha sufuria.

"Hii nimeona," akasema. "Sasa toa fyuzi ya hiyo nyumba, upande ngazi, uniambie ile waya iko na shida gani."

Nikatoa fyuzi. Kwa wale ambao mmezaliwa na swichi za kisasa: fyuzi ya siku hizo ilikuwa kishikio cheupe cha kauri, na ndani yake waya mwembamba uliokazwa kwa skrubu mbili. Ukiking'oa, umekata stima. Nilikiweka juu ya sanduku la mita, vizuri kabisa, nikapanda ngazi. Nikiwa huko juu nikimweleza shida ya waya, nilisikia kitu kikilia ko chini. Kuangalia, Mzee amekirudisha kishikio mahali pake. Mimi nilikuwa nimeushika waya kwa koleo lenye mpira, ndiyo sababu naandika haya.

"Sasa wewe ni marehemu," akaniambia bila kupandisha sauti. "Nani amerudisha fyuzi? Si mimi. Ni mama mwenye anataka kupiga pasi. Ameona stima imepotea, ameona fyuzi imekaa hapo, ameweka. Ana makosa?"

Akaniambia nishuke, kisha akanipa sheria mbili ambazo alizishika kuliko wengine wanavyoshika ibada. Ya kwanza: fyuzi inakaa kwa mfuko ya mtu wa kazi, haikai kwa sanduku, haikai kwa nyasi, haikai kwa mkono ya rafiki. Kama mko wawili, mwenye kubaki chini ndiye anaiweka mfukoni mwake. Ya pili: fyuzi hairudi mpaka yule aliye juu aguse ardhi kwa miguu miwili na aseme kwa mdomo wake mwenyewe, "Nimeshuka." Kumwona ameshuka haitoshi. Kuambiwa na mtu mwingine kwamba ameshuka haitoshi. Lazima aseme. Miaka yote niliyofanya kazi na Mzee, hata tukiwa wawili tu kwenye mvua na njaa inauma, nilisema hayo maneno, na mpaka niyaseme mkono wake haukutoka mfukoni.

Kitu kimoja alishindwa kunifundisha. Mimi natumia mkono wa kushoto, na nikikaza waya wa fyuzi huuzungusha kwenye skrubu kinyume cha wengine. Ukizungusha hivyo, skrubu ikikazwa inausukuma waya nje badala ya kuuvuta ndani. Mzee alikuwa akifungua kishikio, anatazama, anasema, "Hii ni ya Momanyi," na kuirudia. Aliweza kutambua kazi yangu gizani. Nilidhani ni utani wa kazini, na kweli ulikuwa utani.

Miaka hiyo tulifanya kazi nyingi na sikumbuki malalamiko. Mvua ya Kericho mnaijua, kila alasiri bila kubisha hodi, na radi juu yake. Mafeni ya kunyausha majani yaliungua, tukayafunga upya kwa mkono. Mzee alikuwa akinywa mursik, maziwa yao ya mgando, kutoka kibuyu chake saa nne kamili, hata kama tuko juu ya paa la kiwanda, na akinipa nusu. Nilijifunza Kipsigis cha kuombea maji na cha kutukana mota. Nikaoa, nikapewa nyumba kambini. Mnajua utaratibu wa shamba: nyumba ni ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba imeisha, una siku chache za kutafuta lori. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililofunga mdomo wangu.

Sasa tufike mahali penyewe. Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini tulikuwa na Meneja wa shamba, na tulikuwa na Injinia wa kiwanda ambaye ndiye mkubwa wetu sisi mafundi. Majina yao siyaandiki. Kila mmoja alikuwa na kompyuta nyumbani kwake, na si ya kazi. Ya kazi ilikuwa ofisini, imefunikwa kitambaa kama maiti. Hizi za nyumbani zilikuwa za michezo. Meneja, mtu mwenye mvi na wajukuu, alikuwa akiendesha ndege za vita kwenye kioo, na Injinia vilevile, na wakagundua kwamba kompyuta mbili zikiunganishwa wanaweza kuangushana.

Nyumba zao zilitenganishwa na bustani ya maua na kama posti tatu za stima. Nilimwambia Injinia jambo rahisi: tupitishe waya wa kompyuta kwenye posti, siku moja tumemaliza. Akasema Meneja hataki waya uonekane, wakurugenzi huja kutoka Nairobi na wana macho. Badala yake akafungua boksi akanionyesha vijisanduku viwili vyeupe, kila kimoja kama kipande cha sabuni ya kufulia. Rafiki wa Meneja alivileta kutoka ng'ambo. Unachomeka kimoja kwenye soketi ya nyumba hii, kingine kwenye soketi ya nyumba ile, kila kimoja na waya wake unaoingia nyuma ya kompyuta pale panapoingia printa, na kompyuta zinaongea kupitia nyaya zilezile za stima. Nilishangaa, sitasema uongo. Niliona ni kitu kizuri sana. Mpaka leo sina ugomvi na vile vijisanduku.

Tukachomeka. Kimya. Injinia akasoma kitabu cha maelezo kuanzia mbele, akakisoma kuanzia nyuma. Nikamwita Mzee. Mzee akavitazama vijisanduku, akauliza vinafanya nini, akaelezwa, akatoka nje akatazama posti, na kwa dakika mbili akawa amejua lililomshinda mtu mwenye digrii.

"Transfoma inatoa fezi tatu," akasema. "Nyekundu, njano, buluu. Meneja ako kwa nyekundu. Wewe Injinia uko kwa buluu. Hivi vitu vinaitana, lakini kila kimoja kiko barabara yake."

Nawaeleza taratibu kwa sababu kila kitu kinategemea hapa. Fezi nyekundu ilibeba nyumba ya Meneja na dispensari ya shamba. Ya buluu ilibeba nyumba ya Injinia peke yake. Ya njano ilibeba kambi na ile pampu kubwa ya maji kule mtoni, na pampu hiyo ikianza, taa za kambi nzima zilififia mpaka mtu akawasha koroboi. Mzee alikuwa na msemo: njano ni ya pampu, usiipe mgonjwa.

Basi tukamhamisha Injinia kutoka buluu kwenda nyekundu. Mzee aliandika kadi ya kazi, Injinia akatia sahihi huku amekunja uso, na kompyuta zikaongea. Jioni hiyo Meneja alimwangusha Injinia mara kumi na moja. Tulijua idadi kwa sababu alimpigia simu kila mara kumwambia, na simu zilipita kwa opereta wa shamba, na opereta alikuwa na mdomo.

Ingekwisha hapo. Lakini dispensari ilikuwa na friji. Friji ya chanjo, ya Sista Grace, muuguzi wetu, mama mnene mwenye sauti ya kwaya. Friji ile, mota yake ikijiwasha, ilitupa kelele kwenye nyaya, na kwa kuwa ilikuwa fezi moja na mabwana wetu, ndege zao ziliganda hewani. Kila nusu saa hivi, ndege zinaganda. Meneja akakasirika. Mtu alikuwa na shamba zima la chai la kuangalia, na kilichomkosesha usingizi ni friji ya watoto.

Injinia alikuja kwanza kwa Mzee, nikiwepo. Akamwambia hiyo friji si inaweza kuzimwa jioni, masaa mawili tu.

"Hiyo friji haizimwi," Mzee akasema.

"Masaa mawili, Mzee. Baridi inabaki ndani."

"Enda uambie Sista. Akikubali, aandike. Mimi nitazima na nitasimama hapo na hiyo karatasi."

Injinia hakwenda kwa Sista. Alingoja. Ijumaa moja Mzee alizunguka posti zote kama kawaida yake kabla ya likizo, akaandika kwenye daftari la ukaguzi, dispensari, nyekundu, sawa, akatia sahihi, akaenda kwake upande wa Mulot kuvuna mahindi. Jumamosi alasiri Injinia akanikuta karakana peke yangu.

"Momanyi, ile dispensari, itoe kwa nyekundu leo. Iweke fezi nyingine. Meneja ana wageni wanataka kuona mchezo."

Nikasema sawa bwana, niandike kadi.

"Kadi ya nini? Kitu ya dakika kumi. Usinijazie makaratasi."

Na mimi sikuandika. Hapo ndipo nasimama kila mara nikikumbuka, na natamani kumshika yule kijana shati. Miaka saba nimefundishwa na mtu aliyekuwa hagusi taa bila kadi. Lakini aliyeniambia ni mkubwa wa mkubwa wangu, na nilikuwa na mke mjamzito na nyumba ya kampuni.

Nilipanda posti mvua ikianza. Na sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu nimewasema Meneja na Injinia na bado nitawasema, lakini hili ni langu. Fezi ya buluu ilikuwa tupu. Tulikuwa tumemtoa Injinia huko, haikuwa na mzigo hata wa balbu moja. Pale ndipo mahali pa dispensari, hata mtoto wa darasa la kwanza angejua. Ila waya wa dispensari ulikuwa mfupi, haukufika buluu. Ningehitaji kushuka, kwenda stoo, kukata mita moja na nusu ya waya, kurudi, kufunga kiungo. Kwa njano ulifika wenyewe. Mvua ilikuwa inaniingia shingoni. Nikaufunga njano. Nikakaza fyuzi mpya kwa mkono wangu wa kushoto, nikashuka, nikaenda nyumbani kunywa chai. Hakukuwa na mtu chini wa kuniambia niseme nimeshuka.

Jumapili Sista alikuwa kanisani kutwa. Pampu ilianza asubuhi kama kawaida ikaivuta njano chini. Friji ikiletewa stima dhaifu hainyamazi, inajaribu. Mota inanguruma bila kuzunguka, inapata moto, inajizima, inajaribu tena. Kufika jioni ilikuwa imeungua.

Jumatatu ni kliniki. Akina mama walitoka kambi zote, wengine wamepanda mlima tangu alfajiri, watoto mgongoni wamefunikwa karatasi ya nailoni kwa mvua. Nilipita hapo nikienda kazini nikamwona Sista amesimama mlangoni na kipimajoto mkononi.

"Imekufa," akaniambia. "Momanyi, yote imeharibika. Chanjo yote. Nitawaambia nini hawa?"

Aliwaambia warudi baada ya wiki tatu, shehena nyingine ikija. Wasichana wa kuchuma chai hawana siku za kutupa, siku ya kliniki huwa wameomba ruhusa kwa nyapara na kukosa kilo zao. Wakafunga watoto tena wakateremka. Sijui ni wangapi walirudi. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko ninavyojiuliza habari ya wanangu mwenyewe. Wazee wetu walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Hawa wetu hata hawakupigana. Walikuwa wanacheza.

Mzee aliitwa kutoka likizo, akafika Jumanne. Hakuuliza mtu kitu. Alipanda posti mwenyewe na umri wake ule, akakaa huko juu kwa muda, akairudisha dispensari mahali pake. Aliposhuka nilimwona amefungua kishikio cha fyuzi, anakitazama ndani, pale kwenye skrubu. Halafu akakiweka kwenye mfuko wa juu wa koti, upande wa kushoto, akafunga kifungo. Akanitazama. Nikainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Jumatano tukakaa ofisini: Meneja, Injinia, karani wa kuandika, Sista, Mzee na mimi. Injinia alikuwa na daftari la ukaguzi mkononi. Aliongea kwa upole, nitampa hilo. Alisema posti ile mara ya mwisho iliguswa Ijumaa, na aliyeigusa ametia sahihi. Hakuna kadi nyingine baada ya hapo. Kwa hivyo ni wazi kwamba Mzee, pengine kwa uchovu, pengine macho, wakati wa ukaguzi aliufunga waya wa dispensari kwenye njano, akaenda likizo. Mtu mzima, alisema, hatumlaumu sana.

Meneja hakuinua macho kwenye meza. Sista akasema, "Mzee huyu hawezi kufanya hiyo. Naapa." Karani hakuandika neno hilo.

"Arap Sigei," Meneja akasema, "una la kusema?"

Mzee alisimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya mfuko wa koti, juu ya kifungo. Akasema, "Mimi Ijumaa niliacha dispensari kwa nyekundu. Kuna mtu alipanda baada yangu. Huyo mtu anajijua. Mimi sina haraka, naweza kungoja."

Na akangoja. Akasimama hivyo, mkono mfukoni, kama alivyosimama chini ya ngazi yangu mara elfu moja. Injinia alinitazama mara moja, na macho yake yalisema nyumba, mke, mimba, kazi. Nikatazama viatu vyangu. Ningesema neno moja tu, Injinia angekana, sawa, lakini Mzee angetoa kishikio kutoka mfukoni, na kila fundi wa shamba lile angekitambua kuwa changu. Nilikuwa na ushahidi wa kumwokoa mtu na ulikuwa kwenye mfuko wake mwenyewe. Nikanyamaza mpaka Meneja akasema basi, hakuna la zaidi.

Walimpa mwezi mmoja. Siku ya kuhama nilimsaidia kupakia lori. Nilibeba kitanda, meza, kuku ndani ya kikapu, vitabu vya shule vya binti yake wa mwisho aliyekuwa kidato cha pili na ambaye hakuendelea. Mzee alinishukuru kwa kila kitu nilichobeba, "Kongoi, kongoi," kwa adabu kama mtu asiyenijua. Hilo liliniuma kuliko matusi. Mchezo wa ndege uliendelea jioni hiyohiyo, opereta alituhadithia. Friji mpya ilipokuja nilitumwa mimi kuifunga, na nikaifunga kwenye fezi ya buluu, kwa mita moja na nusu ya waya. Ilichukua dakika arobaini.

Meneja alihamishwa, Injinia akaenda zake na vijisanduku vyake, na mimi nikaachiwa nafasi ya Mzee. Nimesema vyeo sitaandika, lakini hiki nakiandika kwa sababu nilikikalia miaka yote hiyo na kilikuwa cha wizi. Wengi wenu mmenijua kama mzee mkali. Mmenong'ona kwamba Momanyi anaweza kumrudisha mtu kilomita tano kwa sababu ya kadi moja, kwamba nimewahi kumtupia fundi daftari. Ni kweli. Nilikuwa nawakasirikia nyinyi kwa sababu yule niliyemkasirikia nilikuwa namnyoa kila asubuhi kwenye kioo.

Nilikwenda kwake mara moja tu. Ilikuwa miaka mingi baadaye, nikapita Bomet, nikaelekea njia ya Mulot, nikaulizia mpaka boma lake. Nilibeba sukari na blanketi. Alikuwa ameketi nje akipukuchua mahindi, koti lilelile mwilini. Chamgei, nikasema, akaitikia. Tukaongea mvua, ng'ombe, bei ya mahindi. Chai ikaletwa na mkewe, Mama Chebet. Nilikuwa nimejipangia maneno kuanzia Sotik, na yote yalikwama. Mwishowe nikasema, "Mzee, ile maneno ya zamani…"

Hapo ndipo nilipomwona amekasirika kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Unafikiri nilinyamaza kwa sababu nakupenda?" akasema. "Mimi nilikuwa na watoto pia. Nilikuwa na nyumba pia. Nilikuwa na fyuzi yako kwa mfuko, ningeitoa, ungeenda nyumbani wewe. Kwa nini sikutoa?"

Nikamwambia sijui.

"Nani alikufundisha kazi? Mtu akiwa juu ya posti, fyuzi inakaa kwa mfuko ya yule ako chini. Haitoki mpaka aseme mwenyewe. Wewe ulikuwa juu, Momanyi. Nilisimama pale ofisini nikakungoja ushuke. Nilingoja mpaka miguu ikauma." Akachukua hindi lingine. "Na bado uko huko juu. Umekuja hapa na sukari, na bado hujashuka."

Aligonga kifua, mfuko wa kushoto. Nilisikia kauri. Nikainuka nikaaga, na hata hapo sikusema, kwa sababu mkewe alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, nami niliona haya. Haya, mtu mzima, fundi mkuu. Mwaka uliofuata nikasikia amezikwa.

Mama Chebet bado yuko. Nilimtumia salamu nilipostaafu, na akanijibu kupitia mtu wa sokoni kwamba lile koti halikuzikwa pamoja na mwenyewe. Mzee alikataa. Alisema litundikwe msumarini nyuma ya mlango na mtu asifungue kile kifungo, kuna mtu wa kampuni atakuja kusema neno. Hakuwaambia ni nani wala ni neno gani. Mama amelipangusa vumbi miaka hii yote, akidhani labda ni habari ya malipo ya mumewe.

Kwa hivyo vijana, hii si kumbukumbu mliyoomba. Nakala moja ni yenu, ibandikeni karakana pale juu ya sanduku la kadi. Nyingine ni ya ofisi, wafanye wapendavyo. Ya tatu naipeleka Mulot kwa mkono wangu kesho, nitamsomea Mama Chebet mwenyewe, na binti yake akiwepo pia. Kadi ambayo haikuandikwa siku ile naiandika hapa.

Mahali: posti ya dispensari.

Kazi: kutoa dispensari fezi nyekundu, kuiweka njano.

Sababu: mchezo wa kompyuta.

Aliyeagiza: Injinia, kwa ajili ya Meneja.

Aliyefanya: Momanyi, peke yake, kwa mkono wa kushoto, bila kadi, akiwa na buluu tupu mbele ya macho yake.

Arap Sigei hakuigusa.

Nimeshuka.